Lawama Zinazobebeshwa Golf GTI

Mtu akisema Nairobi kwamba anataka kununua Volkswagen Golf GTI iliyotumika, hatakosa wa kumkataza. Ataambiwa giaboksi itakufa, injini itakunywa oili, spea zitamfilisi, na kwamba gari lile liliundiwa barabara za Ujerumani. Maneno hayo utayasikia kwenye gereji za Industrial Area, kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, hata harusini, na mara nyingi anayeyasema hajawahi kulimiliki gari lenyewe. Nayajibu kwa sababu yanaumiza pande mbili. Yanamtisha mtu aache gari zuri, na yanamfanya aliyelinunua alitunze kwa uvumi badala ya kufuata kitabu chake.

Msimamo wangu ni kwamba GTI haiharibiki ovyo. Ina udhaifu wake, lakini udhaifu huo unajulikana ni upi na uko wapi, na karibu kila mmoja una kipimo cha kilomita ambacho mwenye gari anaweza kukiwahi. Madai mengi yanayozunguka yalikuwa kweli kwa injini moja, au kwa giaboksi moja, kisha yakabandikwa kwenye nyingine.

Basi tuzitenganishe kwanza. GTI ya kwanza kabisa ilioneshwa Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuuzwa 1976, ikiwa na injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 110. Kampuni ilikuwa imepanga kutengeneza 5,000 tu. Zinazoonekana mijini kwetu ni za kizazi cha tano, kilichoanza kuuzwa 2004, cha sita kilichofuata 2009, na siku hizi cha saba. Kanuni ya Kenya inayokataza kuingiza gari lililozidi miaka minane imekwisha kuufunga mlango wa Mombasa kwa kizazi cha tano na cha sita. Kwa hiyo ukinunua mojawapo leo, unainunua kwa Mkenya mwenzako, na matunzo yake ya miaka mingi yamefanyiwa hapa hapa. Hizo mbili ndizo ninazozizungumzia.

Kizazi cha tano kina injini ambayo mafundi huiita EA113: lita 2, tabo, farasi 200, na mkanda wa taimingi. Cha sita kina EA888: lita 2 pia, tabo pia, farasi 210, lakini badala ya mkanda kuna cheni. Nembo nyuma ni ileile, na ndiyo maana watu huzichanganya.

“DSG hufa.”

Hili ndilo dai linalorudiwa kuliko yote, na ndilo lililochanganywa kuliko yote. DSG ni giaboksi ya Volkswagen yenye klachi mbili, na haikutengenezwa ya aina moja. Ya kwanza, DQ250, ilitoka mwaka 2003 ikiwa na gia sita na klachi mbili zinazozama ndani ya oili. Klachi moja hushughulikia gia za 1, 3 na 5, nyingine za 2, 4 na 6, na wakati gari liko kwenye gia moja, inayofuata huwa imekwisha kutayarishwa. Mwaka 2008 ikatoka DQ200: gia saba, klachi kavu zisizogusa oili, nyepesi na yenye kubana matumizi ya petroli. DQ200 ndiyo iliyojaa matatizo. Kompyuta na vali zake, yaani mekatroniki, zilikuwa zikifeli hasa kwenye nchi za joto na foleni. Mwaka 2013 Volkswagen ililazimika kuyaita magari zaidi ya 384,000 nchini China kwa ajili yake, na Japani nako magari yaliitwa.

GTI ya kizazi cha tano na ya sita hazina DQ200, na hazingeweza kuwa nayo. Giaboksi ile iliundwa kustahimili msokoto wa nyutoni-mita 250, ilhali injini ya GTI hutoa 280. DQ250 inastahimili 350. Golf zenye DQ200 ni zile za injini ndogo kama 1.4 TSI, nazo ziliingia Afrika Mashariki kwa wingi kutoka Japani. Kwa nje zinafanana na GTI kiasi cha kumchanganya asiyezijua. Jirani ambaye Golf yake iligoma kupanda mlima hasemi uongo. Anazungumzia gari jingine.

DQ250 nayo hufa, lakini kwa sababu nyingine kabisa, na hapa ndipo wenye magari wanapoumizwa. Oili iliyomo ndani inafanya kazi tatu kwa pamoja: inalainisha gia, inapoza klachi, na inabeba shinikizo linalosukuma vali za mekatroniki. Ungaunga wa klachi unaosagika unabaki humo humo. Ndiyo maana kitabu kinaagiza oili hiyo na filta yake vibadilishwe kila kilomita 60,000. Mafundi wetu waliozoea giaboksi za kawaida huwaambia wateja kwamba oili ya gia “ni ya maisha,” na mteja anafurahi kuokoa pesa. Gari likifika kilomita 140,000 linaanza kushtuka likiondoka kwenye taa, na anayelaumiwa ni Mjerumani.

Hata anayebadilisha anaweza kubadilisha vibaya. Haitoshi kukadiria kwa jicho kiasi cha oili ulichokimwaga na kukirudisha kilekile. Giaboksi hujazwa takriban lita tano, kisha kimo kinapimwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45 za Selsiasi, na joto hilo husomwa kwa kompyuta iliyounganishwa na gari. Fundi asiye na kompyuta hiyo anakisia. Muulize kabla hajafungua boliti ya kwanza atapimaje joto la oili, na akikutazama tu bila jibu, chukua funguo zako.

Foleni ya Mombasa Road inaweza kuichosha klachi yoyote, hata inayozama kwenye oili. Usilitambaze gari sentimita kwa sentimita huku umelegeza breki nusu. Acha nafasi ifunguke mbele, kanyaga breki sawasawa ili klachi iachie, kisha ondoka mara moja.

“Ya cheni haiguswi mpaka gari lichakae.”

Huu ni ushauri mbaya, na umeua injini nyingi kuliko DSG zote za mjini. Watu husikia neno cheni wakapumua, wakidhani kwamba mkanda wa mpira ndio hatari na chuma ni salama. Kwa GTI hizi mbili mambo yamegeuka.

Mkanda wa EA113 una adabu. Unajua utaisha, unaubadilisha pamoja na roli zake na pampu ya maji, unaandika tarehe. Singeuacha upite kilomita 100,000 au miaka mitano kwa hali yetu ya vumbi na joto, hata kama bado unaonekana mzima, kwa sababu ukikatika vali zinagongana na pistoni na hapo hakuna ukarabati mdogo.

Cheni ya EA888 ya kizazi cha sita ndiyo ya kuogopa, na kosa si la cheni yenyewe bali la kikaza cheni. Kikaza hicho husukumwa na shinikizo la oili. Injini ikizimwa shinikizo linaondoka, na inabidi meno madogo yaliyomo ndani yazuie pistoni yake isirudi nyuma. Katika vikaza vya mwanzo, meno hayo yalikuwa yakishindwa. Cheni inalegea, na asubuhi ukiwasha injini inaruka meno kabla oili haijafika. Vali zinapinda kabla hujatoka langoni. Nchini Marekani wamiliki waliishtaki kampuni kwa pamoja na shauri likaishia kwenye maafikiano. Volkswagen yenyewe ilikibadilisha kikaza hicho kwa chenye umbo jipya, na magari ya mwisho ya kizazi cha sita yalitoka nacho.

Kwa hiyo dai kwamba cheni haiguswi si kweli, na pia si kweli kwamba kila Golf ya sita ni bomu. Swali ni moja tu: lina kikaza cha zamani au kipya? Jibu linapatikana bila kuipasua injini. Chini ya kifuniko cha taimingi kuna tundu lililozibwa kwa mpira. Fundi anauchomoa, anaingiza taa, anaangalia. Kompyuta nayo inaweza kusoma tofauti ya pembe kati ya kamshafti na kranshafti, na tofauti hiyo ikikua ina maana cheni imerefuka. Na sikio lako lifanye kazi: ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa sekunde moja au mbili kila asubuhi injini ikiwa baridi, usiendelee kuiwasha hadi mwisho wa mwezi.

Kama kikaza ni cha zamani na gari ni la gia za mkono, usiliegeshe mlimani likiwa limezuiwa na giaboksi peke yake, kwani injini ikisukumwa kinyume inakilegeza. Vuta breki ya mkono kwanza. Na fundi asiizungushe injini hiyo kinyume kwa spana.

“Inakunywa oili, kwa hiyo imekwisha.”

Inakunywa, ni kweli. EA888 za kizazi cha sita zinajulikana kwa hilo kwa sababu ya ringi zake za pistoni, na vitabu vya Volkswagen vyenyewe vimekubali matumizi ya hadi nusu lita kwa kila kilomita 1,000. Mimi naona kipimo hicho ni cha ukarimu mno kwa mtengenezaji. Lakini kunywa oili si kufa. Injini inakufa pale mwenye gari anapongoja taa ya dashibodi, wakati kijiti cha kupimia kiko pale mbele na hakihitaji fundi. Mwenye GTI anapaswa kukichomoa kila anapojaza petroli na kubeba lita moja ya akiba kwenye buti.

Kabla hujakubali injini ifunguliwe kubadilishwa ringi, hakikisha vali ya kupumulia ya kreki (kasha la kranshafti) imeangaliwa. Ni kipande cha plastiki kilichokaa juu ya injini. Kikipasuka, oili inavutwa kwenda kuungua na injini inakosa utulivu ikiwa imesimama. Kipande hicho ni cha bei ndogo na hakichukui muda.

Kuhusu muda wa kubadilisha oili: wanaosema gari la Ulaya huenda kilomita 15,000, au hata 30,000, wanasoma kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtu anayeendesha mwendo mrefu kwenye barabara kuu za Ulaya, akitumia oili maalumu. Dereva wa Nairobi au Dar es Salaam anakaa foleni saa nzima injini ikizunguka. Kwake kilomita 7,000 hadi 8,000 zinatosha, na oili iwe yenye kibali cha VW 502 00 kilichoandikwa kwenye chupa. Tabo huzunguka kwa kasi kubwa mno juu ya utando mwembamba wa oili, na kikaza cheni nilichokieleza kinaitegemea oili hiyo hiyo. Hakuna mahali pengine ndani ya gari hili ambapo shilingi chache zinalinda laki nyingi namna hii.

“Petroli yetu inaziua.”

Petroli inalaumiwa kwa uchafu ambao haikuuleta. Injini hizi zinanyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Zamani petroli ilipita juu ya vali za kuingizia hewa na kuziosha. Hapa haipiti. Mvuke wa oili unaotoka kwenye kreki unatua juu ya vali zenye moto, unakauka, na kidogo kidogo unajenga masizi magumu. Gari linaanza kutetemeka asubuhi, linapunguza nguvu, na taa ya injini inawaka.

Matokeo yake ni jambo ambalo wauzaji hawalisemi: zile chupa za kusafishia injini unazotia kwenye tangi haziwezi kuzifikia vali hizo. Zinaweza kusaidia nozeli, basi. Masizi yanaondolewa kwa kufungua manifoldi na kuyachapa kwa hewa iliyochanganywa na maganda ya jozi yaliyosagwa, au kwa kemikali, burashi na subira, vali zikiwa zimefungwa ili uchafu usiingie kwenye silinda. Kazi hiyo ifanywe kila baada ya kilomita 80,000 hivi, au dalili zikitokea.

Upande wa okteni, dai lina nusu ya ukweli. GTI ya kizazi cha tano inapendekezewa petroli ya 98, na 95 inaruhusiwa kwa kupoteza nguvu kidogo. Japani, ambako nyingi zetu zimetoka, magari haya hujazwa petroli ya daraja la juu. Ukitia ya chini, kihisi cha kugonga kwa injini kinasikia mlipuko usio wa wakati wake na kompyuta inarudisha cheche nyuma. Unapoteza nguvu, kwa mwendo wa kawaida hupotezi injini. Lakini anayetia petroli ya kawaida kisha akapanda Limuru gari limejaa watu, huku amekanyaga mpaka chini, anaitesa. Mwenye GTI anunue ile ya bei ya juu. Hilo ni sehemu ya gharama ya gari, lihesabiwe tangu siku ya kununua.

“Likikosa nguvu, tabo imekwenda.”

Tabo za GTI hufa, ila mara chache kuliko zinavyouzwa. Kwenye kizazi cha tano, kabla ya kununua tabo, angalia vitu viwili. Cha kwanza ni vali ya kupunguzia upepo wa tabo: za mwanzo zilikuwa na ngozi ya mpira ndani, nayo huchanika, upepo ukavuja. Ile iliyokuja badala yake ina pistoni na haichaniki. Cha pili ni kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati ya kamshafti na pampu ya petroli ya shinikizo kubwa. Kikombe hicho huliwa taratibu. Kikitoboka, kamshafti inaanza kusaga pampu yenyewe, shinikizo la petroli linashuka na gari linakuwa zito kana kwamba halina tabo. Kukichomoa na kukitazama hakumalizi saa moja, na kifanywe hivyo kila kilomita 20,000 au 30,000. Nimeona kamshafti zilizolika kwa sababu ya kipande hicho kinachojaa kiganjani, na inauma, kwa sababu mwenye gari alikuwa akilihudumia kila wakati na hakuna aliyemwambia kwamba kipo. Kizazi cha sita kina roli mahali hapo na hakina tatizo hili.

“Limetoka Japani, lina kilomita chache, halijachoka.”

Hili linasifu, na ndiyo maana ni la hatari. Japani magari hukaguliwa kwa lazima, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo ni mkali kweli kweli. Lakini unapima usalama na moshi. Haubadilishi mkanda wa taimingi, haubadilishi oili ya DSG, hausafishi vali. Gari la kilomita 50,000 lililokwenda safari fupi fupi za mjini kwa miaka minane lina mpira uliozeeka kwa miaka minane na masizi ya injini isiyopata joto la kutosha. Lihesabie umri, usilihesabie kilomita peke yake.

Madai ya spea nayo ni ya muda uliopita. Injini hizi ndizo zilizowekwa kwenye Audi A3 na TT, Skoda Octavia RS, Passat na Jetta, na kipande kisichopatikana kwa jina la Golf kinapatikana kwa jina la Audi. Tatizo la kweli ni bandia: koili, plagi na vihisi vyenye nembo nzuri na roho mbaya. Nunua kwa namba ya kipande iliyoandikwa kwenye cha zamani, usinunue kwa kufanana.

Ni kweli gari liko chini, kama milimita 15 chini ya Golf ya kawaida, na matuta ya mitaani kwetu hayana kipimo. Sampu ya alumini ya kizazi cha tano haipindi, inapasuka. Usiendeshe bila bamba la chini ambalo mafundi hupenda kulivua na kulisahau. Bushi za mikono ya mbele zitaisha mapema. Na wanaosema Golf huchemka, waulize walitia nini kwenye rejeta. Maji ya bomba yanakula injini kutoka ndani. Tia kulanti ya kiwango cha VW, na kwenye EA888 chunguza pampu ya maji, maana kasha lake ni la plastiki na huvuja.

“Kubadilisha programu ya injini hakuna madhara.”

Wanaouza huduma hiyo huonesha farasi walioongezeka. Angalia msokoto. Gari lililotoka kiwandani na nyutoni-mita 280 likisukumwa kufikia 350, limefika kwenye mpaka ambao DQ250 iliundiwa, bila nafasi iliyobaki, na klachi zake pengine zimekwisha kuzunguka kilomita laki moja kwenye oili isiyobadilishwa. Ukiuziwa GTI, omba isomwe programu yake kabla ya kulipa. Nikikuta imeguswa na hakuna risiti ya oili ya giaboksi, siinunui kwa bei yoyote.

“Si ununue Corolla tu.”

Kwa anayetaka gari la kumfikisha kazini kwa gharama ndogo kabisa, ushauri huo ni sahihi na sina la kuupinga. GTI itamgharimu zaidi kila mwaka, hata ikitunzwa vizuri, na hasa ikitunzwa vizuri. Lakini kulinganisha huko hakumsaidii aliyeamua kwamba anataka gari linalobeba watu watano na mizigo yao, lenye milango ya nyuma na buti la maana, kisha barabara ya Naivasha ikifunguka likamjibu mguu na usukani kwa namna ambayo magari machache ya bei yake yanaweza. Huyo anahitaji kujua achague lipi.

Kama magari yote mawili yana risiti, ningechukua la sita: kabini ni tulivu zaidi, na pampu ya petroli haina kile kikombe. Kama hayana risiti, ningechukua la tano, kwa sababu ninaweza kukichomoa kikombe na kukitazama siku hiyo hiyo, nikaweka mkanda mpya wiki hiyo hiyo na kuanza kuhesabu kutoka sifuri. La sita lisilo na risiti ningelipunguzia bei kwa gharama ya kikaza, cheni na oili ya DSG kabla ya kuzungumza jambo jingine, na ningelipeleka gereji kwa gari la kuvuta, bila kuiwasha injini.